Kwotabeki wa Akiba Asisubiri Nyota Aumie

Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani hakuna nafasi inayogawanyika kwa shida kama ile ya kwotabeki. Wakimbiaji hupokezana, wapokeaji huingia na kutoka kwa makundi, hata wale wazito wa safu ya mbele hupumzishwa kwa zamu. Kwotabeki, ambaye hupokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe, ni mmoja tu, na mwenzake aliye nyuma yake huenda akamaliza msimu mzima bila kuugusa mpira nje ya mazoezi. Wapenzi wa soka wataielewa hali hii wakimfikiria kipa wa akiba. Tofauti ni kwamba katika soka idadi ya wachezaji wa kubadilishwa ina kikomo na aliyetoka harudi, ilhali kanuni za futiboli ya Kimarekani hazimbani kocha hata kidogo: anaweza kumtoa kwotabeki wake kwa jaribio moja, akamrudisha katika linalofuata, na akarudia hivyo mara kumi katika mechi moja. Kwa hiyo kocha anayesema hakupata nafasi ya kumchezesha kijana wake wa akiba hazungumzii kanuni; anazungumzia uamuzi wake mwenyewe.

Uamuzi huo, kwa maoni yangu, makocha wengi huufanya vibaya kwa sababu huanzia mahali pasipo sahihi. Huzihesabu dakika za kwotabeki wa akiba kuwa zawadi: kijana amevumilia, amefanya mazoezi bila kununa, basi mechi ikishakwisha kuamuliwa apewe robo ya mwisho ajifurahishe, na wazazi wake walioko jukwaani wapige picha. Dakika hizo ni sehemu ya maandalizi ya timu kwa mechi ambayo tarehe yake haijulikani lakini mara nyingi huja. Zinapaswa kutolewa mapema kuliko ilivyo desturi, kijana akiwa amezungukwa na wachezaji wa kikosi cha kwanza, na akiwa ameruhusiwa kurusha mpira.

Itazame timu ya chuo cha Clemson ya mwaka 2018. Ilianza msimu ikiwa na makwotabeki wawili wenye haki ya kudai namba: Kelly Bryant, aliyeiongoza timu msimu uliotangulia hadi kwenye mchujo wa taifa unaoamua bingwa, na Trevor Lawrence, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuja na sifa kubwa kutoka shule ya sekondari. Kocha Dabo Swinney aliwachezesha wote wawili katika mechi nne za mwanzo, Bryant akianza na Lawrence akiingia. Baada ya mechi ya nne Lawrence alitangazwa kuwa namba moja, na siku chache baadaye Bryant akafunga virago. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, tarehe 29 Septemba, Lawrence aligongwa kichwani katika robo ya pili ya mechi dhidi ya Syracuse na hakurudi. Aliyebaki alikuwa Chase Brice, ambaye mwanzoni mwa wiki alikuwa wa tatu katika foleni.

Zikiwa zimebaki dakika sita hivi, Clemson walikuwa nyuma 23-20 na walipata mpira wakiwa kwenye yadi ya 6 ya upande wao wenyewe, yaani walikuwa na yadi 94 za kwenda. Walizimaliza kwa majaribio 13. Lililowatoa jasho lilikuwa jaribio la nne, yaani la mwisho, zikihitajika yadi sita, ambalo kama lingeshindikana mpira ungekwenda kwa wapinzani na huenda msimu wote ungekwenda nao. Benchi la ufundi lingeweza kutafuta njia ya kumkwepesha kijana mzigo kwa kuukabidhi mpira kwa mkimbiaji. Badala yake liliita pasi, na Brice akaurusha yadi 20 kwa Tee Higgins. Katika jaribio lililofuata akakimbia nao mwenyewe yadi 17. Travis Etienne akaingia na mpira katika eneo la mwisho zikiwa zimebaki sekunde 41, matokeo yakawa 27-23, na Clemson wakamaliza msimu wakiwa wameshinda mechi zote 15, ikiwemo fainali waliyoichapa Alabama 44-16.

Simulizi ya kawaida ya siku ile ni ya ushujaa wa kijana, nami sitaki kumpunguzia. Lakini makocha hawaiti pasi katika jaribio la nne kwa mtu wasiyemwamini, na imani ya aina hiyo haitokani na mazoezi peke yake. Clemson ya miaka ile ilikuwa na desturi ya kumwaga benchi mapema, kiasi kwamba hata kwotabeki wa tatu alikuwa ameonja dakika kadhaa katika mechi nyepesi za mwanzo wa msimu. Desturi hiyo ilionekana kama ukarimu wa Swinney. Siku ya Syracuse ilionekana ilivyokuwa hasa.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Alabama, na sitaurefusha. Tarehe 8 Januari 2018, katika fainali ya taifa dhidi ya Georgia, Alabama walikwenda mapumzikoni wakiwa nyuma 13-0. Nick Saban alimweka benchi Jalen Hurts, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amepoteza mechi mbili tu tangu apewe namba, na kumwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Alabama walishinda 26-23 katika muda wa nyongeza kwa pasi ya yadi 41 iliyopokewa na DeVonta Smith. Desemba ya mwaka huohuo, katika fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, dhidi ya Georgia ileile, mambo yakageuka: Tagovailoa aliumia, Hurts akaingia timu ikiwa nyuma 28-21, na akaipa ushindi wa 35-28. Watu husifu uthubutu wa Saban wa kufanya mabadiliko mazito katikati ya fainali, lakini Tagovailoa hakuwa mgeni uwanjani usiku ule. Katika msimu mzima alikuwa ameingizwa mara kadhaa Alabama ilipokuwa ikiongoza kwa mbali, na hakuingizwa kuumaliza muda tu. Aliruhusiwa kurusha, na alirusha pasi za tachidauni, yaani za kufunga katika eneo la mwisho.

Basi inashangaza kwamba benchi hilohilo ndilo lililotoa mfano mbaya kuliko mingine yote niikumbukayo. Tarehe 16 Novemba 2019 Alabama walikuwa Starkville, nyumbani kwa Mississippi State. Tagovailoa, ambaye sasa ndiye alikuwa nyota wa timu, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu chini ya mwezi mmoja nyuma. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu kabla ya mapumziko, Alabama walikuwa wakiongoza 35-7. Saban alieleza baadaye kwamba alitaka kikosi cha kwanza kipate zoezi la kushambulia kwa kukimbizana na saa, kisha nyota wake apumzishwe. Katika zamu hiyohiyo ya kushambulia Tagovailoa aliangushwa na walinzi wawili, nyonga ikateguka na mfupa wake ukavunjika. Hakucheza tena mechi ya chuo.

Simlaumu Saban kwa jeraha; jeraha lingeweza kutokea katika robo ya kwanza, na kocha anayepanga timu kwa kuogopa majeraha hawezi kupanga timu. Ninachohoji ni hesabu ya nani alilihitaji zoezi lile. Kukimbizana na saa ndicho kipande pekee cha mechi iliyokwisha kuamuliwa kinachofanana na mechi ngumu: muda ni mfupi, walinzi wanajua pasi inakuja, kwotabeki hana nafasi ya kuuliza benchi kila jambo. Tagovailoa alikuwa amelifanya hilo mara nyingi, mbele ya taifa zima. Mac Jones, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa na mechi moja tu aliyoianza, ile ya Arkansas mwezi uliotangulia, ambayo Alabama walishinda 48-7 bila kutoka jasho. Dakika tatu zile za Starkville zingekuwa darasa lake, na mwalimu akampa mwanafunzi aliyekwisha kufaulu.

Wiki mbili baadaye Jones alisimama Auburn katika uwanja uliojaa kelele. Alirusha pasi nne za tachidauni, na pia alirusha mbili zilizonaswa na walinzi wakakimbia nazo hadi kufunga. Alabama walipoteza 48-45. Msimu uliofuata kijana huyohuyo aliiongoza timu kushinda mechi 13 bila kupoteza hata moja na kuichapa Ohio State 52-24 katika fainali. Kipaji kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana mwezi Novemba 2019 ni kuzoea presha, na presha haizoeleki kwa kuangalia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotetea dakika za akiba kwa idadi yake tu, kana kwamba dakika zote zina uzito mmoja. Fikiria robo ya nne ya mechi ambayo timu inaongoza kwa pointi 40. Kwotabeki wa akiba anaingia, na pamoja naye inaingia safu ya mbele ya tatu, vijana ambao hawajawahi kucheza pamoja, na wapokeaji ambao nusu yao hawana ufadhili wa masomo. Jaribio la kwanza anakabidhi mpira kwa mkimbiaji, yadi mbili. La pili anakabidhi tena, yadi tatu. La tatu anakabidhi tena kwa sababu kocha hataki kuonekana anawadhalilisha wapinzani, na la nne mpira unapigwa kwa mguu kwenda upande wa pili. Kijana anarudi benchi, anavua kofia ngumu, na kwenye kumbukumbu za chuo inaandikwa kuwa amecheza. Hakusoma mpangilio wa walinzi, hakubadili mpango kwenye mstari, hakuchagua kati ya mpokeaji wa kwanza na wa pili, wala hakulazimika kuitupa pasi kabla mpokeaji hajageuka. Hata namna yake ya kuita hesabu ya kuanzia haikusikiwa na wale watakaomlinda siku ya kweli.

Mlinganishe na aliyeingia katikati ya robo ya tatu, timu ikiongoza kwa pointi 24, akiwa na safu ya mbele ya kwanza na orodha kamili ya mipango ya kushambulia. Walinzi wa upande wa pili bado ni wale wa kwanza, maana wapinzani hawajakata tamaa. Akikosea, kosa lina gharama kidogo. Akipatia, wenzake wanamwona. Zamu mbili za namna hiyo, kwa maoni yangu, zina faida kuliko robo za mwisho tatu za lala salama alizozikusanya msimu mzima.

Makocha wengine wamejaribu njia ya katikati, ya kumpa wa akiba majukumu maalumu ndani ya mechi ngumu. Florida ya mwaka 2006 ndiyo inayokumbukwa zaidi: Chris Leak alikuwa namba moja, na Tim Tebow wa mwaka wa kwanza aliingizwa kwa majaribio machache, hasa ya yadi fupi, akimbie na mpira kwa nguvu zake. Florida walitwaa ubingwa kwa kuifunga Ohio State 41-14, na mwaka uliofuata Tebow akashinda Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Njia hiyo ina faida yake, kwani humzoesha kijana kelele na uzito wa mechi. Kasoro yake ni kwamba humfundisha sehemu moja ya kazi na kumwacha mgeni katika sehemu iliyo ngumu zaidi, na kila kocha anayemnukuu Tebow akumbuke kuwa hakuna Tebow wengi.

Yote hayo yangekuwa mjadala wa ufundi tu kama mazingira ya vyuo yasingebadilika. Mchezaji wa chuo hupewa miaka mitano ya kucheza misimu minne. Zamani, mchezaji mzima wa afya aliyekanyaga uwanjani hata kwa jaribio moja alihesabiwa kuwa ametumia msimu, hivyo makocha waliwaficha vijana wa mwaka wa kwanza ili kuwatunzia mwaka wao, ule wanaouita mwaka wa redishati. Kuanzia msimu wa 2018, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu mchezaji acheze hadi mechi nne bila kuupoteza mwaka huo. Kanuni ile ilipokewa kama baraka kwa wachezaji wa akiba, na kweli ni baraka, ila inakata pande zote mbili. Kelly Bryant aliondoka Clemson baada ya mechi ya nne hasa kwa sababu hiyo, akautunza mwaka wake na kwenda kuutumia Missouri. Mwaka 2024 Matthew Sluka, aliyekuwa namba moja wa UNLV na timu ikiwa imeshinda mechi zake zote tatu, aliacha katikati ya msimu kwa mgogoro wa malipo, akiwa bado ndani ya kikomo cha mechi nne. UNLV walimwingiza Hajj-Malik Williams na mechi iliyofuata wakaifunga Fresno State 59-14. Chuo chenye bahati ndicho kilichokuwa na mtu tayari.

Juu ya kanuni hiyo uliwekwa mlango wa kutokea. Oktoba 2018 ilifunguliwa potali ya uhamisho, orodha ya kielektroniki ambamo mchezaji huandika jina lake na vyuo vingine vikaruhusiwa kumtafuta. Mwaka 2021 kila mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka 2024 hata kikomo cha mara moja kiliondolewa kwa aliye vizuri kimasomo. Fedha nazo zikaingia: tangu Julai 2021 wachezaji wanalipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo wao mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwotabeki wa akiba wa zamani alikuwa hana pa kwenda bila hasara. Wa leo anaweza kuamka Jumatatu akiwa na ofa tatu.

Joe Burrow alikuwa wa mwanzo kuonyesha thamani ya mlango huo, ingawa aliupitia kwa njia ya zamani, kwa kuhitimu shahada mapema. Katika misimu miwili aliyocheza Ohio State kutokea benchi alirusha pasi 39 tu. Mwaka 2018 alihamia LSU, na msimu wa 2019 akarusha pasi 60 za tachidauni, akashinda mechi 15 kati ya 15, ubingwa na Heisman. Kwa haki, Ohio State hawakuwa vipofu. Waliyempanga, Dwayne Haskins, alirusha pasi 50 za tachidauni mwaka ule Burrow alipoondoka. Kwa upande mwingine yupo Arch Manning wa Texas, aliyekubali kusubiri. Mwaka 2023 aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Texas wakiichapa Texas Tech 57-7, na mwaka uliofuata akabaki nyuma ya Quinn Ewers. Ewers alipoumia dhidi ya UTSA mwezi Septemba 2024, Manning aliingia na kukimbia yadi 67 hadi kufunga, kisha akaanza mechi mbili zilizofuata. Lakini Manning ni mjukuu wa Archie, na Peyton na Eli ni baba zake wadogo, wote watatu makwotabeki mashuhuri wa ligi ya kulipwa. Si kila kijana ana jina la kumlisha akingoja.

Kocha wa leo basi yuko njia panda. Asipomchezesha kijana, kijana ataondoka kwa kukosa dakika. Akimchezesha vizuri, kila pasi nzuri inakuwa tangazo la biashara kwa vyuo vinavyotafuta kwotabeki, na kijana ataondoka kwa kupata soko. Nimesikia hoja kwamba kwa sababu hiyo ni heri kumficha. Siikubali. Anayefichwa huondoka vilevile, tena huondoka bila kuiachia timu chochote, ilhali aliyechezeshwa huwa ameilipa timu kwanza, na huenda akashawishika kwamba nafasi yake ijayo ni hapo alipo.

Kuna hadhira nyingine ambayo makocha huisahau, nayo ni kamati inayochagua timu za mchujo. Florida State ya mwaka 2023 ilimaliza ikiwa imeshinda mechi zote 13, ubingwa wa ligi yake ukiwemo, na bado ikaachwa nje ya timu nne bora, nafasi ya nne ikapewa Alabama iliyokuwa imepoteza mechi moja. Sababu ilikuwa kwotabeki. Jordan Travis alivunjika mguu tarehe 18 Novemba, Tate Rodemaker aliyefuata akaikosa fainali ya ligi kwa jeraha la kichwa, na aliyeanza siku hiyo, Brock Glenn wa mwaka wa kwanza, alipata yadi 55 tu kwa pasi katika ushindi wa 16-6 dhidi ya Louisville. Kamati ina haki kikanuni ya kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu, na iliitumia. Uamuzi ule niliuona wa dhuluma na bado ninauona hivyo, kwa sababu timu hucheza ili kushinda na Florida State ilishinda. Lakini somo la kiufundi liko wazi: kamati ilimhukumu kwotabeki wa tatu kwa jioni moja, kwa kuwa hiyo ndiyo jioni pekee iliyokuwa na cha kutazamwa.

Wapo wanaopinga kwa hoja ya heshima. Wanasema timu inayoongoza kwa pointi 30 ikiendelea kurusha mpira inawadhalilisha wapinzani, iwe anarusha nyota au wa akiba. Ninaielewa hisia hiyo, lakini anayedhalilishwa na pasi ya kijana wa akiba katika robo ya tatu ana matatizo makubwa kuliko pasi hiyo. Na kijana naye amefanya mazoezi mwaka mzima, ana haki ya kucheza mchezo wenyewe badala ya kuigiza. Hoja nyingine ni ule msemo wa makocha wa Marekani kwamba mwenye makwotabeki wawili hana hata mmoja. Msemo huo unahusu timu isiyojua namba moja wake ni nani. Kumpa wa akiba zamu mbili zilizopangwa, kila mtu akijua nani atarudi, hakumwondolei nyota mamlaka. Nikiri pia kwamba nyota wengi hawapendi kutoka, maana takwimu zao zinapigiwa kura mwezi Desemba, na hapo ndipo kocha anapaswa kuwa kocha.

Wala sidai kwamba dakika humtengeneza kila mtu. Gunner Stockton wa Georgia aliingia kipindi cha pili cha fainali ya SEC ya 2024, Carson Beck akiwa ameumia kiwiko, na timu ikashinda 22-19 katika muda wa nyongeza dhidi ya Texas. Mechi ya kwanza aliyoianza maishani mwake ya chuo ikawa robo fainali ya taifa, na Georgia wakafungwa 23-10 na Notre Dame. Mwaka mmoja baadaye, akiwa namba moja kwa msimu mzima, aliwaongoza kuichapa Alabama 28-7 katika fainali ya ligi. Ni yuleyule, aliongezewa mechi.

Mchujo wa msimu ule wa 2024, wa kwanza kuwa na timu 12, ulitoa pia mlinganisho ambao mtu asingeweza kuubuni. Penn State walikuwa na Beau Pribula nyuma ya Drew Allar. Mwezi Oktoba, Allar alipoumia goti Wisconsin, Pribula alikamilisha pasi 11 kati ya 13 na timu ikashinda 28-13. Zaidi ya hapo kazi yake ilikuwa ya aina ya Tebow, majaribio machache ya kukimbia. Dirisha la uhamisho la Desemba lilifunguliwa huku mchujo ukisubiriwa, na Pribula, aliyeona nafasi za kwotabeki katika vyuo vingine zikijazwa kila siku, akaondoka kwenda Missouri kabla Penn State hawajacheza mechi ya kwanza ya mchujo. Notre Dame walikuwa na Steve Angeli nyuma ya Riley Leonard. Mwaka mmoja nyuma, namba moja wa wakati huo alipoamua kutocheza mechi ya mwisho wa msimu, walimpa Angeli mechi nzima ya Sun Bowl. Alikamilisha pasi 15 kati ya 19, tatu za tachidauni, na wakashinda 40-8. Timu hizo mbili zikakutana katika nusu fainali ya taifa, Orange Bowl, tarehe 9 Januari 2025. Mwishoni mwa robo ya pili Leonard aligongwa na kupelekwa kupimwa kichwa. Angeli akaingia, akakamilisha pasi sita kati ya saba, na zamu yake ikaisha kwa goli la mguu la pointi tatu kabla ya mapumziko. Leonard alirudi kipindi cha pili, Notre Dame wakashinda 27-24.

NCAA imeshalisogeza dirisha hilo hadi Januari, hatua ya busara iliyochelewa, lakini kalenda haimpangii kocha nani acheze robo ya tatu. Penn State walianza msimu wa 2025 kwa kuifunga Nevada 46-11, Florida International 34-0 na Villanova 52-6. Baada ya Pribula kuondoka, wa pili alikuwa Ethan Grunkemeyer, na katika mechi hizo tatu alipata makombo. Tarehe 11 Oktoba Allar aliumia dhidi ya Northwestern na msimu wake ukaisha; kesho yake kocha mkuu James Franklin akafukuzwa kazi. Wiki iliyofuata Grunkemeyer alianza mechi yake ya kwanza ugenini Iowa, timu ikafungwa 25-24. Ilipofika nusu ya pili ya Novemba alikuwa ameshaizoea kazi, na Penn State wakamaliza msimu wa kawaida kwa ushindi wa mechi tatu mfululizo, dhidi ya Michigan State, Nebraska na Rutgers, wakati ambapo ligi yao ilikuwa imeshaamuliwa na wengine.